Ndege wa Korongoni

Yoakimu, mume wangu, alitoa jiwe bapa korongoni, pale mvua ilipokula ukingo, akalikokota kwa ng'ombe mpaka kwetu Mogitu. Alitaka liwe kizingiti cha jiko jipya la mama yake. Lilizidi upana wa mlango. Akachukua nyundo alipasue.

Mimi nilikuwa nalimwagia maji udongo utoke. Nikaona unyayo umezama kwenye jiwe lenyewe, vidole vitatu, mkubwa kuliko sahani.

"Subiri! Huu ni mguu wa ndege. Labda wa korongo."

"Najua ni la korongo, mama Judica. Si nimelitoa mimi?"

"Korongo ndege!"

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndege gani anatoboa jiwe? Pasua, mwanangu. Mvua ikirudi nitapikia wapi?"

Nikaomba muda kidogo tu, nimjue ndege huyo kwanza. Likishapasuka sitamjua tena. Nikakamata kuku, nikamkanyagisha kwenye tope. Akaacha na alama ya kidole cha nyuma. Kwenye jiwe nyuma hakuna kitu.

Mzee Margwe alikuwa anapita kunywesha ng'ombe. Huyo amekua akifuata nyayo porini.

"Shikamoo, mzee. Huyu ni mbuni?"

"Marahaba. Mbuni ana vidole viwili." Akachuchumaa. "Tandawala, yule ndege mkubwa wa nyikani, anavyo vitatu, ila mguu wake ungepotea humu." Akazunguka upande wa pili. "Huyu hayupo tena. Angekuwepo, ningeshamfuata."

"Hata wewe humjui?" Mama mkwe akaacha kucheka, akainama, akapitisha kidole pembeni ya unyayo. "Kingo zimevimba. Tope ndilo hufanya hivi likikanyagwa."

"Basi hili jiwe lilikuwa tope," nikasema.

"Lini?" mama akauliza.

Ng'ombe wa Margwe walikuwa wameshaingia kwenye maharage yetu, na hakuna aliyewafukuza.

Yoakimu akainua nyundo. "Sasa mama, nipasue upande gani?"

"Pasua ukuta."

"Ukuta?"

"Panua mlango. Matofali tunafyatua wenyewe. Huyu atamfyatua nani?"

Yoakimu akabaki na nyundo mkononi. Mama akamwuliza kule korongoni vidole vilikuwa vinaelekea wapi. Hakukumbuka. Mama akajifunga kanga kiunoni, akatangulia, nasi tukashuka nyuma yake kutafuta hatua ya pili.