Mtaro wa Majaribio

Mama Mitaro alikuwa amechimba nusu ya mji kwa mitambo ya watu. Misingi ya maghorofa, mashimo ya maji taka, mifereji ya barabara, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna hata nati moja iliyokuwa yake. Tajiri wake wa mwisho alipouza eskaveta zake zote na kuhamia kwenye biashara ya saruji, alimpa mkono, akamwambia asante sana mama, na habari ikaishia hapo. Opereta asiye na mtambo ni sawa na kinyozi asiye na mkasi. Watu watamsifu mpaka wachoke, lakini kichwa hawampi.

Sasa kazi ilikuwa imepatikana. Mkandarasi wa mabomba ya maji alimwahidi mitaa mitatu ya kuchimba, kuanzia Jumatatu, na hakumficha kitu. "Ukija na mtambo wako, kazi yako. Ukija mikono mitupu, namwita mwingine, na tusilaumiane." Basi yeye na mumewe wakauza kile kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, wakachanganya na akiba yake ya miaka yote, wakazimwaga pesa juu ya kitanda na kuzitazama. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafishwa na mgongo, alizitazama muda mrefu zaidi.

"Hela hii haitoshi eskaveta ya maana," alisema. "Na ni nyingi mno kuitupa kwenye eskaveta mbovu. Kiwanja hakirudi, mke wangu."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nasema ili na mimi nijisikie."

Wiki nzima Mama Mitaro alikuwa kiguu na njia pamoja na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye watu wote walimwita Fundi. Waliona mitambo ya kila namna. Waliona iliyopakwa rangi mpya mpaka juu ya mafuta yanayovuja. Waliona iliyowashwa kabla hawajafika, injini moto, ili usione moshi wake wa asubuhi. Waliona moja ambayo mwenyewe aliapa imefanya kazi kidogo tu, na mita ya saa za kazi ikamuunga mkono, ila pedali zake zilikuwa zimelika hadi chuma. Fundi alicheka kwa sauti na wakafukuzwa.

Ijumaa asubuhi wakafika kwenye yadi ya Bwana Karibu. Hilo halikuwa jina lake, lakini ndivyo jirani zake walivyomwita, kwa sababu neno lenyewe halikubanduka mdomoni mwake. Alikuwa mfanyabiashara wa magodoro, mnene, mwenye tabasamu la kudumu, na eskaveta aliipata kwa mtu aliyeshindwa kumlipa deni.

"Karibu mama, karibu fundi, karibuni kivulini. Mtambo ule pale. Mimi sijui kuuendesha, sijui kuutengeneza, najua kuuuza tu." Akataja bei palepale langoni.

Ilikuwa chini. Ilikuwa chini kiasi kwamba Mama Mitaro alijifanya anakohoa ili asitabasamu. Kwa bei hiyo pesa zingetosha, ingawa zisingebaki za lori la kuubebea mtambo wala za mafuta ya kuanzia.

Fundi aliweka kiganja juu ya injini. Baridi. Akaingia chini, akatoka na vumbi mgongoni, akazunguka akigonga hiki na kuvuta kile. Alikuwa amejifunga mkoba wa pesa tumboni, ndani ya ovaroli, na kila alipoinama alionekana kama mjamzito wa miezi saba.

"Cheni za kutembelea zimelika, lakini zina mwaka ndani yake," alimwambia pembeni. "Pini za mkono zinacheza kidogo. Silinda moja inatoa jasho la mafuta, sili yake, ule mpira wa kuzuia mafuta, nabadilisha mwenyewe. Injini safi. Shemeji, usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka kwa macho. Akikuona tu, bei inapanda."

"Jaribu, mama, jaribu!" aliita Bwana Karibu. "Usinunue kitu bila kukijaribu. Chimba hapo hapo nilipoweka chokaa."

Mstari wa chokaa uliendelea kutoka kwenye mtaro uliokwisha kuchimbwa, ulioanzia kwenye ukuta wa ghala la magodoro na kuelekea mfereji mkubwa wa barabarani. Mama Mitaro hakuuliza mtaro wa nini. Alipanda kwenye kebini, akakaa, akavuta kiti mbele. Injini ikashika kwa mara ya kwanza, moshi mwembamba, kisha hata huo ukaisha.

Akachimba. Kwanza taratibu, kusikiliza pampu. Kisha akaipeleka ndoo chini, chini zaidi, kwenye udongo mgumu, kuona kama mtambo utalalamika. Haukulalamika. Mkono ulikunjuka na kukunjika bila kusitasita, akazunguka kushoto, akamwaga, akarudi pale pale alipotoka. Alikuwa na furaha isiyo na adabu, ya kutaka kuimba. Alichimba kuliko alivyohitaji, kwa raha tu, na alipozima alikuwa amekwisha kuamua. Huu ndio wake. Jumatatu angekuwa barabarani nao.

Bwana Karibu alimsubiri chini, simu mkononi, uso umejaa huzuni.

"Mama, nimeaibika. Sasa hivi kuna mtu amenipigia. Ameongeza." Akataja kiasi kingine, na kiasi hicho kilikuwa juu kwa karibu theluthi nzima. "Ukifika hapo, ni wako. Mimi nakupendelea wewe."

"Lakini tumekubaliana langoni!"

"Langoni nilikutajia bei, mama. Kukubaliana ni baada ya kujaribu."

Fundi akaanza kupandisha sauti. Mama Mitaro akaondoka. Hakutaka mtu yeyote amwone uso. Alitembea kandokando ya mtaro kuelekea ghala, akiiona Jumatatu inakwenda kwa mwingine. Theluthi nzima. Hata wangeuza kitanda chenyewe isingepatikana. Alikuwa na hasira, na zaidi ya hasira alijionea huruma, jambo ambalo hakulizoea.

Alitazama chini ili asitazame watu, na macho yake, yaliyozoea mitaro, yakaanza kazi bila kuambiwa. Kipande cha mbele ya miguu yake kilikuwa na kuta zilizochanika, alama za meno ya ndoo kila mahali, kazi ya mtu mwenye papara. Hatua chache mbele kuta zilikuwa laini, lakini udongo umemwagwa upande wa pili. Kisha kipande kifupi, cha kina kidogo, cha mtu mwoga. Kisha kipande cha mtu hodari, pembe zimenyooshwa, udongo umewekwa mbali ili usirudi, na kingo zimegongwagongwa kwa mgongo wa ndoo.

Kote mjini alimjua opereta mmoja tu aliyegonga kingo hivyo. Akampigia simu. Kobe, walimwita hivyo kwa uendeshaji wake wa polepole, na waliwahi kufanya kazi pamoja kwa tajiri yule yule.

"Kobe, uliwahi kwenda kwa mtu wa magodoro, mwenye eskaveta?"

"Mwezi uliopita. Mtambo mzuri. Lakini nilipoteremka tu, bei ikapanda. Eti kuna mtu amempigia simu."

"Ulichimba?"

"Si nilijaribu? Alinionyesha chokaa."

Mama Mitaro aliutazama mtaro wote, mwanzo hadi mwisho. Kisha akaangua kicheko, mpaka Kobe akauliza kama yuko salama, naye akamweleza. Kila mnunuzi alikuja, akajaribu, akachimba mita zake, akaambiwa bei imepanda, akaenda zake. Mtu mzima mwenye ghala alikuwa akichimbiwa mtaro bure na mji mzima, kwa mafuta tu. Na leo alikuwa amemnasa Mama Mitaro mwenyewe, ambaye amechimba kwa furaha na kumwongezea.

Lakini kicheko kilipoisha alitazama tena, safari hii chini kabisa, kwenye sakafu ya mtaro. Watu wengi, mikono mingi, kila mmoja amechimba kina alichotaka. Mwoga juu, mwenye papara chini, Kobe katikati. Kipande chake mwenyewe, huko mwisho, alikuwa amekipeleka chini kwa kujionyesha, shimo la kuzikia tembo, na mbele yake mita chache zilizobaki zilikuwa hazijaguswa.

Akarudi. "Bwana Karibu, mtaro huu ni wa kutoa maji ya mvua ghalani?"

"Ndiyo. Mwaka jana yaliniharibia magodoro mengi. Kwa nini?"

"Lete maji. Pipa lile la kuoshea, na mtu wa kulibeba."

Kwa kuwa Bwana Karibu hakuwa na la kuogopa, aliita vibarua wawili. Pipa likamwagwa katikati ya mtaro, pale penye kipande cha mwoga. Maji yaligawanyika. Machache yalikwenda mbele kiuvivu, yakaingia kwenye shimo la Mama Mitaro na kutulia humo. Mengine, mengi, yakageuka. Yakarudi nyuma, yakashika mwendo, yakapita kipande baada ya kipande, mpaka yakafika kwenye ukuta wa ghala na kuanza kunywewa na msingi.

Tabasamu la kudumu likaondoka.

"Huo mtaro unakuletea maji nyumbani," alisema Mama Mitaro. "Ukiufikisha barabarani hivi hivi, mfereji ukijaa na wenyewe utakutembelea. Magodoro yako yataogelea. Umechimbiwa na watu wangapi?"

Bwana Karibu alitazama viatu vyake. "Kuuza nilikuwa nauza kweli, mama. Nilitaka kwanza... si unajua opereta wanavyotoza."

"Najua. Mimi ndiye opereta."

"Basi nirekebishie. Mtambo si huo hapo? Nitakulipa chochote cha chai."

"Miaka zaidi ya ishirini nachimba mitaro ya watu kwa mitambo ya watu, nikalipwa cha chai. Leo sikuja kwa hilo. Niuzie kwa bei ya langoni, tuandikiane, tukuhesabie pesa zako. Ukishafanya hivyo nitaurekebisha, leo leo, uteremke vizuri mpaka barabarani."

"Nitatafuta opereta mwingine."

"Tafuta. Kobe ameshajua, na mdomo wake hauendi polepole kama yeye. Jioni watajua wote."

Fundi alianza kufungua vifungo vya ovaroli.

Bwana Karibu alitazama ukuta wa ghala, ambako alama ya maji ilikuwa ikipanda polepole. Akaita kijana wake alete karatasi. Wakaandikiana juu ya boneti ya gari lake, vibarua wakawa mashahidi, na Fundi akahesabu pesa mara mbili huku akitokwa na jasho. Mkoba ulipobaki mtupu alimtazama shemeji yake kwa wasiwasi, kwa sababu wote wawili walikuwa wakifikiria lori la kubebea na hawakuwa nalo. Mama Mitaro aliikunja karatasi, akaiweka kifuani.

Alipanda kwenye kebini, akakaa. Hakuwasha.

"Haya mama, tuanze," alisema Bwana Karibu, akijaribu kurudisha tabasamu. "Anzia huku ghalani."

"Bado hatujaelewana bei ya kazi."

"Bei? Si umesema utaurekebisha?"

"Nimesema nitaurekebisha. Sijasema bure."

Bwana Karibu akamgeukia Fundi, lakini Fundi ghafla alikuwa na shughuli kubwa na pini moja ya mkono. Akatazama maji ukutani. Hatimaye akashusha pumzi, akainua uso kuelekea kebini.

"Haya. Saa moja bei gani?"

Swali hilo Mama Mitaro alikuwa amelisikia mara nyingi kuliko jina lake. Liliulizwa chini, kando ya cheni, na siku zote kulikuwa na mwanamume fulani aliyesimama pale pale chini na kulijibu, huku yeye juu akitazama mbele kama vile halimhusu. Alisubiri kidogo, kwa mazoea, ajibu mtu mwingine. Hakuna aliyejibu. Walikuwa wakimtazama yeye.

Akataja bei. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayeomba, akaisikia mwenyewe na ikamuudhi. Basi akaitaja tena, kwa sauti yake, na safari hii akaongeza ya mafuta.