Udongo Uliomfuata Annastella

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Basi lilisimama Muleba, ukafungua dirisha ununue karanga, na pale mbele ya ofisi palikuwa na mwanamke amesimama kando ya benchi lililopasuliwa na migomba mitatu. Ukachukua karanga zako, ukavuta pazia, ukarudi kwenye simu.

Anaitwa Annastella. Alikuwa amesimama kwa sababu akikaa mahali kwa muda wa kunywa kikombe cha chai tu, ardhi chini yake inageuka nyeusi na migomba inachipua.

Ilianza siku ya kuanua matanga ya mumewe, Kyaruzi, kijijini kwao kusini mwa Kemondo. Wanaume wa ukoo walikaa kwenye majani, rubisi, pombe ya ndizi, ikazunguka, na kabla haijamfikia mtu wa mwisho, kibanja, shamba la migomba pamoja na nyumba yake, kilikuwa kimeshakwenda kwa mdogo wa marehemu, Lwakatare, mwenye duka la mabati Bukoba mjini. Annastella alikuwa jikoni anawapikia. Ana mabinti wawili, wameolewa mbali, na kwenye vikao vile binti hahesabiwi. Hilo unalijua, na umelinyamazia miaka yote.

Mzee Rutaihwa, mwenyekiti wa ukoo, alimfuata jikoni.

"Ma Annastella, pole na moshi. Kibanja ni cha ukoo. Wewe ulikuja na sanduku, utaondoka na sanduku."

"Na Kyaruzi niliyemzika hapo nje, tata?"

"Kyaruzi ni wa ukoo."

"Na ndizi hizi ninazowapikia?"

"Ni za kibanja." Akafunua sufuria kidogo. "Zimeiva?"

Wageni wanaopita Kagera hujiuliza kwa nini udongo wa vibanja ni mweusi kama masizi, wakati hatua chache tu pembeni, kwenye mbuga ya nyasi tunayoiita rweya, ni mawe na wekundu usiootesha kitu ila nyasi. Wataalamu huja na vipimo vyao, wakachimba, wakaondoka. Wangetazama shingo za wanawake. Annastella alipoolewa, kibanja cha Kyaruzi kilikuwa hakina tofauti na rweya. Yeye ndiye aliyekata nyasi huko, akazibeba kichwani, akazitandaza chini ya migomba, akaongeza samadi, majivu na maganda, msimu hadi msimu, mpaka ardhi ikawa laini ya kuzamisha mkono. Lwakatare alikuwa anakuja Krismasi.

Basi akachukua sanduku lake, akaenda Kagoma kwa dada yake, Evelyne. Kulipokucha, udongo ulikuwa umeshafika. Sakafu ya chumba alicholala ilikuwa imepasuka kuzunguka mkeka, na migomba michanga imechomoza, majani bado yamejikunja.

Evelyne alisimama mlangoni na kikombe cha uji. "Umekuja nayo?"

"Imekuja yenyewe."

"Hamia uani, mwenzangu. Hii sakafu bado mpya."

Tangu hapo hakutulia. Kanisani padri alimwomba asikilize misa akiwa mlangoni, maana mgomba ulikuwa unawaziba wa nyuma wasione altare. Msibani hakukaa, sokoni hakukaa. Alikula akitembea. Miguu ikavimba, viatu vikawa havimwingii, akavaa ndala za shemeji yake, mume wa Evelyne.

Alikwenda ofisi moja pale Muleba kushtaki. Karani, kijana anayeitwa Najibu, alimwonyesha benchi la nje.

"Ila usikae sana, mama. Mjane wa wiki iliyopita alitutolea chemchemi, mpaka leo tunapiga deki."

"Na yeye walimnyang'anya?"

"Kisima. Kesi yake ilirudishwa kwa ukoo. Hata yako itarudi huko."

"Ukoo ndio ninaoushtaki."

"Ndiyo hivyo, mama. Subiri, lakini simama."

Alikuwa ameshachelewa kusimama. Ile migomba mitatu uliyoiona ni ya siku hiyo.

Huku nyuma kibanja kilibaki rweya. Migomba ililala chini, mibuni ikakauka, mawe yakatokeza, na kaburi la Kyaruzi likawa peke yake kwenye nyasi, linaonekana toka barabarani. Lwakatare akaitisha kikao nyumbani kwa Rutaihwa: shemeji yake ameondoka na mali ya ukoo. Safari hii Annastella aliitwa. Alisimama nje ya duara, akihamisha uzito mguu huu, mguu ule.

"Mulamu," Lwakatare akamwita kwa upole wa shemeji, "rudisha udongo."

"Uchukue. Uko hapa chini yangu."

Lwakatare alimkalisha mpaka ardhi ikageuka nyeusi, akaleta koleo, akajaza pikapu. Gari halijavuka hata daraja, kilichokuwa nyuma ni vumbi jekundu. Akarudi, akakaa, akafuta jasho. Wazee wakashauriana. Hakuna aliyeshangaa, walichokuwa wanatafuta ni namna ya kuurudisha.

"Tumekufikiria sana, Ma Annastella," alisema Rutaihwa. "Utakuja asubuhi, utakaa kibanjani, jioni utarudi Kagoma. Kulala hapana, si kwako. Utapewa kigoda."

"Na mikungu?"

"Mikungu ni ya kibanja, mama. Tulishaongea hilo."

Annastella alitazama miguu yake. Kibanjani ndipo mahali pekee duniani ambapo angeweza kukaa bila kumharibia mtu sakafu. Akaenda, akakaa.

Anakaa mpaka leo. Migomba imerudi, imenenepa, majani yake yanagusana juu ya kaburi. Kila jioni, jua likielekea kuzama, anainuka kwenda Kagoma, akalale uani kwa kuhamahama ili udongo usimfuate. Lwakatare humwamkia vizuri akija na lori la kubeba ndizi. Amelalamika jambo moja tu, kwamba Jumapili mama huyu akienda kanisani, majani yananyauka pembeni.

Sasa wewe. Jumamosi hii kuna matanga yanaanuliwa kwa mjomba wako, au kwa jirani, na umealikwa. Usiende kula. Pita moja kwa moja jikoni, mtoe mwanamke aliyemo, mkalishe katikati ya wale wanaume, na yeyote asifungue mdomo kabla yake. Wakikuita mtovu wa adabu, itika, halafu usiondoke. Usingoje Jumamosi ifike. Mpigie simu mwanamke huyo leo, sasa hivi, umwambie utakuwepo.