Vidole vya Fundi Uzi

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Uzi, na hata barua za ofisini zilishaanza kumfikia kwa jina hilo. Uzi wenyewe haukuwa wa kushonea. Ulikuwa wa kioo, mwembamba kushinda unywele, na mwanga ulipita ndani yake kama maji ndani ya mpira. Ukifukiwa kwenye zege la daraja, kisha daraja likapinda hata kidogo kisichoonekana kwa macho, mwanga unaorudi hubadilika na kompyuta ikajua ni mita ya ngapi. Ndivyo Profesa alivyowaeleza wageni, huku mikono yake ikicheza hewani. Lakini mikono hiyo ya Profesa haikuwahi kuunganisha hata uzi mmoja.

Uzi waliokuwa wakiufanyia utafiti ulikuwa mwembamba kuliko faiba ya kawaida, ile nyuzi ya kioo ya intaneti, na mashine ya kuunganishia iliukataa kama mtoto anayekataa dawa. Ilibidi kwanza uuvue ganda kwa mkono, ukiusikiliza kwa ncha za vidole. Ukibana mno, unavunjika. Ukilegeza, ganda linabaki.

"Sasa hapo katikati pana nini?" mhandisi mwenzake, waliyemwita Mrefu, aliwahi kumuuliza baada ya kuvunja vipande sita.

"Pana mimi," alijibu, na maabara nzima ikaangua kicheko.

Uvimbe uliota shingoni mwake, akaufunika kwa mtandio na kuendelea na kazi. Dada yake ndiye aliyeuona. Dada alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza; wazazi walipofariki ndiye aliyemlea, na alishazoea kuitikiwa "ndiyo, mwalimu" na kila mtu, wakubwa kwa wadogo.

"Hebu geuka. Hiyo shingoni ni nini?"

"Tezi tu, dada. Mafua."

"Mafua gani ya miezi miwili? Vaa viatu."

Hospitali wakakata kipande kidogo cha uvimbe, na baada ya siku tisa daktari akawaita wote wawili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akawaambia ni limfoma, saratani ya tezi za limfu, ya aina inayotibika ikiwahiwa. Zingekuwa dripu za mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu.

"Kuna dawa moja humo ambayo hushambulia neva," akasema. "Ukianza kuhisi ganzi vidoleni, niambie siku hiyohiyo. Usijitie ushujaa."

Dada aliandika yote kwenye daftari la shule, na hilo la ganzi akalipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Mzunguko wa kwanza uliondoka na nywele zote. Fundi Uzi alikwenda maabara na kipara chake, akawauliza wenzake, "Sasa huu uzi mtawaambia wageni ni mwembamba kuliko nini?" Walicheka, ila Mrefu alitoka nje kufuta macho.

Baada ya mzunguko wa tatu akashikwa na homa, akalazwa. Hapo kitandani ndipo alipogundua kwamba anashika kikombe kwa kukitazama. Akifumba macho, hajui kama amekishika au la. Midomo ilikuwa imejaa vidonda, hata kuongea ilikuwa adhabu. Akamvuta dada mkono.

"Mwambie daktari. Vidole vina ganzi."

"Nitamwambia, mdogo wangu. Lala."

Kesho yake akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema ni kawaida. Itapita."

Aliamini. Dada akisema daktari amesema, ilikuwa kama amemsikia daktari kwa masikio yake. Kila alipoulizwa hali kwenye dripu zilizofuata, dada ndiye aliyejibu, "Hakuna jipya, daktari," naye akaitikia kwa kichwa tu. Akamaliza ya nne, ya tano, ya sita.

Picha za mwisho zilitoka safi. Dada alipiga vigelegele pale kwenye korido mpaka mlinzi akaja. Ndani ya chumba daktari naye alitabasamu, kisha akamwambia Fundi Uzi afumbe macho na kufunga kifungo cha blauzi. Vidole vikatangatanga kifuani kama vya kipofu mgeni.

"Hii imeanza lini?"

"Tangu mzunguko wa tatu. Si dada alikuambia?"

Daktari akafungua faili, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. "Sikuambiwa. Hapa kila mara nimeandika: hakuna ganzi."

Dada alikuwa akitazama sakafu.

"Ningejua, ningepunguza ile dawa moja tu," daktari akasema polepole. "Nyingine zote zingeendelea vilevile."

"Na ugonjwa ungerudi?" Fundi Uzi akauliza.

"Sidhani. Lakini siwezi kukuapia."

"Ganzi yenyewe je?"

"Huenda ikapungua, mwaka au miwili. Huenda isiishe."

Nje waliketi kwenye benchi, mkoba wa dada katikati yao. Dada ndiye aliyeanza. Mama mmoja aliyekaa naye wodini siku ile ya homa, alisema, alimsimulia habari za shemeji yake: dawa zilipunguzwa, ugonjwa ukarudi, akazikwa kabla ya mwaka kwisha.

"Nikajiambia, heri nusu shari kuliko shari kamili. Vidole au uhai?"

"Swali hilo hukuulizwa wewe."

"Nilimzika baba. Nikamzika mama. Wewe sikuweza."

"Na ukaniambia daktari amesema. Ukanitazama machoni, dada, ukasema itapita."

"Uko hai!" Dada alipaza sauti, watu wakageuka. "Uko hai, nikuombe radhi kwa hilo?"

Fundi Uzi akainuka. Alijaribu kuchukua mkoba wake mwenyewe pale chini, ukamponyoka mara mbili, na dada aliponyoosha mkono kumsaidia, akausukuma.

Maabara walimpokea kwa kadi na keki. Jumatatu akaketi kwenye meza yake ya zamani. Kufikia mchana alikuwa amevunja vipande kumi na moja. Cha kumi na mbili hakukifikia. Mrefu ndiye aliyekuja, akamshika kiganja na kukigeuza. Kibanzi cha kioo kilikuwa kimezama ndani ya kidole cha shahada, damu inachuruzika mpaka kwenye mkono wa koti, naye hakuwa na habari.

"Huumii?"

"Ningeumia ningeshukuru," akasema.

Profesa alimwita ofisini. Akasema afya ndiyo kitu cha kwanza, akasema yeye ni hazina ya maabara, akasema mengi. Daraja lilikuwa linasubiri, basi wangetumia faiba ya kawaida, ile ambayo mashine inaikubali. Ingesikia kidogo, lakini ingesikia. Naye angehamishiwa kwenye uandishi wa ripoti. Akapewa kiti kizuri karibu na dirisha, na mtu mwingine akaanza kutumia meza yake kuwekea makoti.

Alichapa ripoti kwa kutazama kila herufi. Aliandika jinsi kioo kinavyohisi joto, uzito na mtikisiko, na kila alipofika kwenye neno "kuhisi" alitamani kulifuta.

Nyumbani kwa dada hakwenda tena. Simu alipokea, kwa heshima zote. "Shikamoo dada. Mzima. Nimekula." Basi.

"Hutanisamehe?" dada alimuuliza siku moja.

"Shukrani ninazo, dada, chukua zote. Msamaha bado sijauona."

Siku ya kipimo cha miezi sita alikwenda bila kumwambia mtu. Lakini dada, aliyekuwa na tarehe zote kwenye daftari lake, alimkuta hapo kwenye benchi, akaketi kando yake. Muuguzi akatoka na faili, akamgeukia Fundi Uzi.

"Umekuja na nani? Kuna ndugu wa kuingia nawe?"

Fundi Uzi akainuka. Dada naye alishaanza kuinuka, daftari mkononi.

"Hapana," Fundi Uzi akamwambia muuguzi. "Sina mtu."

Akaingia, akafunga mlango, na kila swali aliloulizwa akalijibu mwenyewe.