Mizani ya Mwalimu Yustina

Tangu shule ilipoleta mizani, Husna hakumwamini mtu. Mwalimu Yustina aliwaita wazazi akawaambia kwamba watoto wengi pale Mtwara mjini wamenenepa kupita umri wao, na kwamba hata nyumba isiyo na kitu hunenepesha, maana kinachopatikana kwa urahisi ni mafuta na sukari. Kuanzia sasa watoto watapimwa kila mwezi na kuruka kamba asubuhi, na wauza visheti wa getini watauza matunda. Wazazi wengine waliitikia kwa vichwa. Husna aliuliza swali moja tu: nani kawatuma?

Alikuwa na sababu zake. Mwaisha, aliyekuwa darasa la nne, hakumzaa yeye. Mama mzazi alifariki mtoto akiwa bado ananyonya; Husna alipoolewa na Nassoro alimkuta anatambaa, akamlea. Lakini kwa mila zao mtoto ni wa upande wa mama, na upande huo ulikuwa kijijini Msimbati, kwa mama mkubwa Mwanaidi, mwanamke asiyeingia nyumba ya mtu bila kufunua sufuria. Kila akija humtazama Mwaisha juu hadi chini, kisha husema mbele ya mtoto na majirani, "Siku nikimkuta mwanetu amekonda, naondoka naye."

Sasa mama wa kambo atatoa ushahidi gani mbele ya mtu kama huyo, kama si mashavu ya mtoto? Basi Husna alilisha. Wali wa nazi, chapati, hata ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kabla ya kulala. Mashavu yakaja, na roho yake ikatulia kidogo.

Leo anatokea mwalimu na mizani yake anataka yapungue. Na wiki ile ile Husna alimwona sokoni, amesimama na Mwanaidi penye ng'onda, wale samaki wakavu, wanacheka kama mtu na ndugu yake. Machale yakamcheza. Hawa wamekula njama, alijisemea. Mmoja amkondeshe, mwingine aje kumchukua. Tangu siku hiyo akawa anamfungia Mwaisha sambusa ndani ya mkoba wa madaftari, azile kwa siri.

Mwezi ulipokwisha, mwalimu alimwita. Husna alikwenda amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa lolote.

"Karibu ukae, Mama Mwaisha," mwalimu alisema. "Wenzake wamepungua kidogo. Yeye ameongezeka."

"Mwanangu anakula kwao. Kuna ubaya?"

"Anakula na hapa. Anawaomba wenzake makombo. Jana nimemkuta nyuma ya darasa anajilazimisha kumaliza muhogo wa mtu, huku anataka kutapika."

Husna alikaza fundo la kanga. "Mwanaidi ndiye kakutuma useme hivyo. Nimewaona sokoni."

"Yule mama wa ng'onda?" Mwalimu alimshangaa. "Mimi mteja wake tu. Hata sikujua kama mnajuana."

Husna hakumwamini, angalau si papo hapo. Lakini njiani lile neno makombo halikumtoka. Likifika Msimbati, ameumbuka. Watasema mtoto halishwi nyumbani. Na hata akiliweka hilo pembeni, kilibaki kitu kisichomwingia akilini. Mtoto anayetoka nyumbani ameshiba, na sambusa mkobani, anaomba makombo ya nini?

Jioni alimuuliza. Mwaisha aliinamisha kichwa, akamfuata jikoni. Husna alimtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu mizani ije, akaona jinsi anavyohema kwa kutoka uani tu hadi jikoni. Akamwonea huruma, akajionea na aibu. Alipopakua wali, alipakua kidogo, akafunika sufuria.

"Leo inatosha, mwanangu. Ukishiba, acha."

Mwaisha aliitazama sahani, akaitazama sufuria, kisha akamtazama yeye, kwa jicho lile la shaka ambalo Husna alikuwa akiwatazamia watu mwezi mzima.

"Mama," aliuliza taratibu, "kwa hiyo umekubali wanichukue?"