Tafsiri ya Maneno ya Komanda

Placide hakujua Kihindi hata cha kuombea maji, lakini pale Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa, wakati wa vita, ndiye aliyetutafsiria filamu za Kihindi. Tajiri wa kwenye filamu akimwambia mkulima kwa upole kwamba nyumba za nyasi ni nzuri, ila kiangazi huziunguza, Placide alishika mikro, kile kipaza sauti, akatufumbulia: "Asibadanganye. Iko anasema, toa shamba ao nakuchomea." Tulimpigia makofi.

Jumapili moja, baada ya misa, nilikwenda sinema na binti yangu Gentille, wa miaka kumi na mitano. Komanda aliyeushika mji alikaa mbele. Katikati ya filamu aligeuka, akamtazama mwanangu bila haraka, kisha akaniambia, kila mtu akisikia: "Mama Gentille, mutoto yako amekomaa. Nyumba yenye haina mwanaume, hii wakati ya vita, haiko muzuri."

Nikamtazama Placide. Bingwa wa mafumbo ya Wahindi alikuwa anakagua waya wa mikro. Hasira ilinipanda, nikamnyang'anya ile mikro.

"Placide anaogopa, basi mi natafsiri. Iko anasema: nitabeba huyu mutoto, na mama akikatala, nitakuya na bunduki."

Komanda alicheka. Alisema alikuwa anampa pole mjane tu, akaigeukia tena filamu yake kama mtu asiye na haraka. Sisi tulitoka. Kabla jua halijazama, Gentille alikuwa ndani ya boti ya Kigoma na mjomba wake, hana hata kandambili.

Asubuhi askari walikuja, wakanikuta peke yangu, wakanivunja mkono. Majirani wakaja kunifunga ule mkono, na kunisema. Émilienne alisema nimemtukana komanda bure, hakutamka neno baya. Dorothée akaitikia kwamba yale yalikuwa maneno ya mzazi.

Nikawauliza binti zao wako wapi.

Wa Émilienne alikuwa kule Nundu, anamsalimu shangazi yake tangu komanda afike. Wa Dorothée alikuwa Kigoma, mwezi wa pili sasa. Walinijibu huku wanaangalia chini, mmoja bado ameshika kitambaa cha kunifungia.

Kumbe walikuwa wameelewa wote. Walielewa mapema kuliko mimi, wakafunga midomo, wakaniacha nimpeleke mwanangu sinema.