Tawa la Mlima Lihenge

Kila asubuhi, kabla ya dawa na kabla ya chai, Mzee Bhavesh alitaka aonyeshwe tawa lake. Gaudensia alikuwa amezoea. Akiingia katika ile nyumba ya Stanmore huvua koti lake lililonyeshewa, hunawa mikono kwa maji ya moto ili asimshtue mgonjwa kwa baridi, halafu huenda jikoni kulichukua. Lilikuwa chuma cha kupikia chapati, cheusi na kizito, kimepinda kidogo upande mmoja kama kitu kilichotengenezwa na mtu aliyekuwa bado anajifunza. Humwekea kifuani, juu ya blanketi, na mzee hulipapasa taratibu kama anayepapasa kichwa cha mtoto.

"Lipo?"

"Lipo, Mzee. Lingekwenda wapi na uzito huu?"

"Kweli. Wezi wa London hawabebi kitu kizito, Mama Valentine. Wavivu!"

Hucheka, kicheko hugeuka kikohozi, na Gaudensia humshika mgongo mpaka kikohozi kipite.

Alikuwa akitoka Barking, upande wa pili wa London. Hupanda treni hadi Stratford, pale huingia laini ya Jubilee, hukaa humo mpaka reli inapoishia. Ofisi yao ya kazi ilishampa wagonjwa wa karibu na kwake, akawakataa. Wenzake walimcheka: "Huyo Mhindi amekulisha nini wewe?" Na kweli alikuwa amemlisha. Siku ya kwanza kabisa mzee alifumba mdomo mbele ya kijiko, akasema hali mpaka yeye Gaudensia ale kwanza, maana ametoka mbali. Alikuwa ameuguza watu wengi katika mji huu, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Tena kulikuwa na ule mlima.

Baba yake Mzee Bhavesh, Jethalal, alikuwa na duka la vitambaa Njombe, zamani za Mwingereza. Siku moja mteja alimletea jiwe jeusi zito kutoka Mlima Lihenge, na tangu siku hiyo duka likamtoka moyoni. Alitaka kuyeyusha chuma. Alijenga tanuri la matofali lenye kimo cha nyumba, akageuza kijito kizungushe gurudumu la kuendesha mivukuto, akachoma makaa ya miti, akachimba mawe ya chokaa ng'ambo ya bonde. Machimboni alitandaza reli kuukuu alizonunua kwenye mnada, za kupitishia toroli za mawe. Fundi wake wa tanuri aliitwa Anselm, mtu mpole ambaye babu zake walikuwa wahunzi.

Wakawasha. Kilichotoka ni uji mweusi mzito uliogandia humo humo, ikabidi wabomoe ukuta ili kuutoa. Wakajenga upya. Wakazidisha chokaa, wakapunguza upepo, wakayaoka mawe kwanza kabla ya kuyatia. Kila mara mavi ya chuma. Ndivyo yanavyoitwa, na Mzee Bhavesh, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza shule na anamsaidia baba yake hesabu, alisema watu wa Njombe walipenda sana kulitamka jina hilo Jethalal akiwa karibu.

Halafu siku moja chuma kilitiririka. Chembamba, chekundu, kikaingia kwenye mchanga na kujaza kalibu. Jethalal alisema cha kwanza ni cha mke wake, apikie chapati. Ndilo hilo tawa.

Baada ya hapo aliuza duka, akauza nyumba, akapanua machimbo. Tanuri halikutoa chuma tena. Waliendelea kuula mlima kwa ndani, na masika moja jabali likaporomoka likamfunika Anselm. Jethalal alimalizia umri wake akipima vitambaa katika duka la mtu mwingine Dar es Salaam, akisema hadi mwisho, "Mlima una chuma. Mara moja umetupa. Sisi ndio tumesahau tulifanyaje."

Maneno hayo ndiyo aliyorithi Bhavesh. Akawa injinia, akaja London, akajenga kitanuri nyuma ya nyumba yake, akaagiza magunia ya mawe ya Lihenge kwa meli. Kila likizo aliwasha. Majirani walilalamika moshi. Mke wake alisubiri yaishe, akafa yakiwa hayajaisha. Mwishowe mawe yenyewe yakaisha, na hata tone moja la chuma hakulipata.

Gaudensia aliujua mlima ule, kwa sababu alizaliwa upande wake wa pili. Alipokuwa msichana, pale machimboni palikuwa na bwawa la maji ya kijani, na mama zao waliwakataza kusogea. Watu walipaita Shimo la Mhindi. Jina hilo hakumwambia mzee. Alimwambia tu kwamba pembeni yake huota maua ya manjano mvua zikikatika, na hilo lilikuwa kweli.

Mwaka huu madaktari waliposema hawana tena la kumfanyia, ndipo mzee alipomruhusu binti yake, Hina, akwangue unga kidogo ukingoni mwa tawa na kuupeleka kwa wataalamu wa madini wakaupime.

"Injinia mzima," Gaudensia alimtania, "hukupima siku zote hizo?"

"Nilikuwa naogopa," alijibu, naye akaacha kutania.

Hina alikuja na majibu mchana mmoja wa mvua. Alikuwa mwalimu, mwanamke mwenye haraka, lakini hakuna siku aliyoingia bila mkate wa Gaudensia wa kwenda nao Barking. Siku hiyo pia aliuweka mezani, akafunga mlango wa jikoni, akabaki amesimama. Kiswahili cha baba yake alikielewa chote, ila kumtoka mdomoni kilitoka vipande vipande.

"Anti, si ya mlima. Not at all. Lile jiwe la Lihenge wanalijua, lina kitu kingine ndani, chuma kikitoka humo lazima kiwe nacho. Tawa halina. Ni reli."

"Reli gani, mwanangu?"

"Reli ya treni, ya zamani. Imetengenezwa hapa hapa England. Mtu aliyeyusha reli."

Gaudensia alikaa kwenye kiti. Alizikumbuka reli za toroli. Mzee alishamsimulia akicheka jinsi baba yake alivyokuwa akizihesabu kila Jumamosi na kulaani wezi.

"Mwambie wewe," Hina alisema. "Mwambie ni ya mlima. Mimi akinitazama tu, atajua. Wewe anakuamini."

"Ameomba ukweli."

"Anti, please. Amebaki na siku ngapi? Ukweli ataufanyia nini?"

Gaudensia alimtazama yule mtoto wa watu, mtu mzima mwenye mvi, amelishika taulo la vyombo kwa mikono miwili kama anayezama. Akainuka. Akanawa mikono kwa maji ya moto, ingawa ilikuwa safi, akalichukua tawa, akaenda chumbani.

"Nimesikia gari," mzee alisema. "Mbona Hina haji?"

"Anapasha chai."

"Majibu?"

Alimwekea tawa kifuani. Akamrekebishia mto.

"Ni chuma cha mlima, Mzee. Wamesema hivyo."

Mzee Bhavesh hakulipapasa tawa. Alikuwa anamtazama yeye.

"Sogea hapa, Mama Valentine."

Akasogea.

"Huo uso naujua."

"Uso gani tena, Mzee? Ni huu huu wa kila siku, umezeeka tu."

"Siku chuma kilipotoka, sote tulikuwa tunarukaruka. Baba alimbusu punda. Anselm peke yake alikaa chini mchangani, analia, anatutazama mimi na baba. Hivyo unavyonitazama sasa. Maisha yangu yote nilidhani ni furaha." Alipumzika kupata pumzi. "Ni nini? Sema."

Mzee akangoja, kama alivyongoja siku ile ya kwanza mbele ya kijiko.

"Ni reli, Mzee. Reli ya treni."

Nje mvua ilikuwa ikipiga bustani, pale kilipokuwa kitanuri, ambapo sasa palikuwa na majani matupu. Mzee alifumba macho kwa muda mrefu hata Gaudensia akamshika mkono kuangalia mapigo.

"Nipo," alisema. "Za toroli. Baba alimuuliza reli zinapungua vipi, Anselm akasema ni wezi. Yeye mwenyewe!"

"Aliwahurumia."

"Alituhurumia. Baba alikuwa hali, usingizi hapati. Anselm akaona, mzee huyu apate mara moja tu, moyo utulie, apumzike."

"Alikuwa na moyo mzuri."

"Mzuri mno. Angetuacha tushindwe, Mama Valentine. Tungezima tanuri mwezi ule ule, baba angerudi kwenye vitambaa vyake, Anselm mwenyewe asingekuwa chini ya lile jabali. Na mimi..." Macho yake yalikwenda dirishani.

"Nisamehe, Mzee. Na mimi nilitaka—"

"Najua ulichotaka." Alimpigapiga mkono kwa vidole visivyo na nguvu. "Umetoka mbali. Umekula leo?"

Gaudensia alitikisa kichwa.

"Liondoe hili," mzee akasema. "Zito."

Alikuwa hajawahi kulalamikia uzito wake. Alimwondolea. Kwenye blanketi pakabaki alama ya duara, naye akainyoosha kwa kiganja mpaka ikapotea.

Asubuhi iliyofuata Gaudensia alivua koti, akanawa mikono, akafika jikoni, akasimama mbele ya tawa. Akaliacha. Chumbani mzee alikuwa macho, amegeukia ukutani. Alimpa dawa, akameza. Alimpa chai, akanywa vijiko viwili vitatu kwa heshima ya aliyeipika. Gaudensia alichelewesha makusudi kila kitu, akakunja shuka, akafuta meza iliyokuwa safi, akingoja aulizwe kama lipo. Hakuulizwa.

Mchana Hina alimwuliza lile tawa walifanye nini.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Alilipaka mafuta lisishike kutu, akalirudisha kabatini pamoja na vyombo vingine.