Maneno ya Ukumbini

Mdogo wangu Adelard ni msomi. Nalisema mapema kwa sababu mwenyewe hulisema mapema, hata akiwa ananunua nyanya. Ni mhasibu, ana nyumba Boko yenye geti jeusi, na ukimtajia ngoma anabana pua kama kuna panya kafia uvunguni. "Ngoma ni ya watu waliokosa shule, dada." Ananiambia hayo mie, Mama Benson, niliyekosa shule, ninayeuza vitenge Manzese. Vitenge hivyo ndivyo vilivyomsomesha yeye, lakini tuyaache.

Ana mabinti wawili. Adventina, mkubwa, ndiye aliyekuwa anaolewa. Jovina, mdogo, ana miaka kumi na tisa, na habari hii ni ya huyo.

Mama yao alifariki mwaka juzi. Adventina alilia, akamaliza. Jovina hakulia. Alinyamaza, akalala, akaacha kula. Baba yake akampeleka kwa daktari, akampeleka kwenye maombi, wanajumuiya wakaja kusali rozari nzima pembeni ya kitanda, na mtoto anaangalia ukuta tu. Nikasema jamani, nipeni mie huyu. Nikaja naye Manzese, nikamkalisha dukani nyuma ya majora ya vitenge.

Nyuma ya duka langu kuna karakana ya maseremala. Mafundi wakishafunga kazi, uwanja wao unatumiwa na kikundi cha ngoma cha Mwinjuma, kijana wa Kizaramo, mzaliwa wa hapahapa. Wenzake wengi hawana kazi. Wengine bila ngoma ile ningekuwa nawaona kijiweni wakivuta bangi, na wawili watatu nilikuwaga nawaona huko kweli. Ngoma zikianza, mabati yangu yanaitikia. Mwanzoni Jovina aligeuza kichwa tu. Baadaye akawa anasimama mlangoni. Siku moja nikageuka, nyuma ya majora hayupo. Nikatoka mbio kumtafuta, nikamkuta katikati ya vumbi la mbao, kajifunga khanga yangu kiunoni, anacheza. Anakosea, Mwinjuma anamfokea, na yeye anacheka. Anacheka, jamani! Jioni ile akaniambia, "Shangazi, kuna ugali umebaki?" Nilisonga mwingine huku nalia, wala sioni aibu kusema.

Akarudi kwao Boko, na mwaka mzima akawa anakuja "kumsaidia shangazi dukani". Baba mtu hakuuliza kitu. Binti anakula, ananenepa, anaamkia watu, na yeye anatamba kwa majirani kwamba maombi yake yamejibiwa. Basi Mwinjuma akampeleka kwenye usaili wa chuo cha sanaa kule Bagamoyo, na mtoto akapita. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, siku mbili baada ya sendofu ya dada yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa.

Nikamwambia, "Twende, mie nitakupeleka. Baba yako atajua ukishafika."

"Hapana, Shangazi. Nimebaki na mzazi mmoja, siwezi kumkimbia kama mwizi. Baba anipeleke mwenyewe."

Akaenda kumwambia. Adelard hakupiga kelele, maana wasomi hawapigi kelele. Alimwambia kwa upole kabisa kwamba hakumlea amwone anakata viuno mbele za watu, kwamba atasoma uhasibu, na kwamba Manzese basi, asikanyage tena. Kutoka Boko kwenda Bagamoyo ni barabara hiyohiyo moja, hata kona ya kupotea hakuna. Lakini kwa mdogo wangu ilikuwa kama kaambiwa apeleke mtoto motoni.

Sasa subirini mcheke.

Kikao cha mwisho cha kamati ya sendofu kilifanyika sebuleni kwake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Marselino, rafiki yake wa ofisini, mtu ambaye hawezi kuomba maji bila kusema "kwa niaba ya kamati". Chakula kilijadiliwa haraka, kiti cha bibi harusi haraka. Walipofika kwenye burudani, weee! Matarumbeta yawe mangapi, MC awe yupi, wapambe waingie kwa wimbo gani, mama mzazi wa mwenyekiti akaribishwe kwa ngoma ipi. Watu wazima na miwani yao walikaa pale wakijadili ngoma hadi soda zikawa za moto. Walewale ambao kwao ngoma ni ya waliokosa shule!

Ndipo Marselino akatangaza, kwa masikitiko makubwa na kwa niaba ya kamati, kwamba mwalimu aliyekuwa anawafundisha wapambe kucheza kakimbilia shughuli nyingine yenye mfuko mnono. Wapambe hawajui hata mguu wa kuanzia.

Adelard akakuna kidevu. "Si Jovina yupo? Huyu anajua kucheza. Awafundishe, na aongoze msafara."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza, "Anajua kucheza? Nani kakwambia?"

"Dada, hii ni shughuli ya familia. Ni tofauti."

"Tofauti yake nini? Viuno vya ukumbini vina digrii?"

"Mama Benson," Marselino akadakia, "tusitoke nje ya ajenda."

Nikamsonya, sonyo refu, hadi wajumbe wakaanza kukagua viatu vyao. Jovina alikuwa anapita na kreti ya soda. Akasimama. "Nitawafundisha, Baba."

Nikamfuata jikoni nikiwa nimevimba. "We mtoto una akili kweli? Wamekukataza, halafu wanakutumia!"

"Shangazi, Baba hajawahi kuniona nikicheza. Hata siku moja. Akiniona ataelewa."

Nikarudi sebuleni kwenye ajenda za Marselino.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi watu wengine wakasimama na sahani. Nimeona sendofu nyingi, na wapambe nawajua: hatua mbili mbele, moja nyuma, macho kwenye kamera. Siku ile milango ilipofunguliwa zikaingia ngoma za Mwinjuma, ngoma zenyewe, si za spika, maana Jovina aliwaita wenzake. Mbele yuko yeye. Alichukua msafara ule taratibu, magoti yamelegea, mabega yanasema yake, na wasichana ambao wiki iliyopita walikuwa wanagongana wakamfuata kama wamezaliwa tumbo moja. Nyuma yao Adventina anatabasamu, analia, anatabasamu. Watu walisimama. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akaacha fimbo yake kwenye kiti akaja kucheza. Mie koo lilinikauka kwa vigelegele.

Na Adelard? Alimnyang'anya MC maikrofoni. "Huyo anayeongoza ni binti yangu! Mnaona? Damu yangu hiyo!" Akashuka jukwaani anacheza kama mtu anayekanyaga siafu, akachomoa noti, akaenda kumtuza mwanawe. Akanyoosha mkono amwekee noti kwenye paji la uso.

Jovina akarudi nyuma hatua moja. Ngoma zikanyamaza, maana Mwinjuma aliona kuna jambo. Mtoto alisema polepole, lakini maikrofoni ilikuwa mkononi mwa baba yake, ukumbi mzima ukasikia.

"Baba, anayetuzwa ni mcheza ngoma. Mimi kwako ni nani?"

Mkono wa Adelard ukabaki hewani na noti yake. MC, maskini, akajaribu kuokoa shughuli: "Mzee wetu, hilo swali lako hilo!" Mdogo wangu alitazama kulia wakweze, kushoto mabosi wake, jasho linamtoka.

"Wewe ni mcheza ngoma!" akapaza sauti. "Na Jumatatu nakupeleka Bagamoyo mimi mwenyewe, watu wote hawa mashahidi!"

Ukumbi ukalipuka. Jovina akainamisha kichwa, akapokea noti ya baba yake kwenye paji la uso, na nilivyomwona anavyomtazama mdogo wangu, nilisema moyoni, haya, yamekwisha.

Jumatatu mchana nikapiga simu. "Mmefika salama? Chuo kikoje?"

"Niko ofisini, dada."

"Ofisini? Na mtoto?"

"Yuko nyumbani." Akashusha sauti, labda Marselino alikuwa karibu. "Dada, wewe ni mtu mzima. Yale yalikuwa maneno ya ukumbini. Nimemtafutia nafasi ya uhasibu, anaanza mwezi ujao. Atanishukuru."

Maneno ya ukumbini! Nilimporomoshea mvua ya maneno ya Manzese, mteja wangu mmoja akarudisha kitenge akaondoka. Adelard akasema ana kikao, akakata simu. Baadaye Jovina ndiye aliyenieleza kwamba asubuhi ile alisimama getini mapema, gauni limepigwa pasi, begi pembeni. Baba yake alishusha kioo cha gari, akamwambia, "Ingia ndani, mwanangu, jua litakuchoma." Akaondoka zake.

Alhamisi simu ikaita. Sauti ya mdogo wangu haikuwa na usomi tena.

"Dada, Jovina hali. Tangu juzi. Kageukia ukutani, hasemi. Amerudia yale."

Hasira ilinipanda, na hofu juu yake. Nikamwambia, "Mwite Marselino mfanye kikao." Nikakata. Halafu nikafunga duka, nikadandia bodaboda hadi Boko.

Nilimkuta Adelard kakaa sakafuni nje ya chumba cha mtoto, tai imelegea, hakwenda hata kazini. "Ongea naye, dada. Wewe anakusikiliza. Mwambie nitampeleka."

"Mie nimwambie? Uliweza kusema mbele ya umati wote ule, hapa yuko mtoto wako mmoja peke yake, mdomo umekwenda wapi?"

Akaingia. Sikufunga mlango, nilitaka kusikia. Alipiga magoti kando ya kitanda, na kwa muda mrefu alikuwa anasema "mwanangu, mwanangu" tu, kama gari lisilowaka. Halafu akasema, "Nilikuona ukicheza. Nilikuona vizuri. Nikaogopa watu watasemaje, huku wenyewe walikuwa wanapiga makofi. Nisamehe. Amka twende." Alikuwa analia. Nakiri moyo wangu ulilainika, lakini kidogo.

Jovina aliamka, akanawa uso, akachukua begi, ambalo lilikuwa bado limefungwa.

Tukaingia garini watatu, tukashika njia ya Bagamoyo. Chuoni tukapokewa na dada mmoja wa ofisini, ana heshima zake, "shikamooni" na viti. Akatafuta jina, akalipata, akaweka kalamu chini.

"Tulimsubiri," akasema. "Jana nafasi yake alipewa mwenzake aliyekuwa wa akiba. Nasikitika, mzee. Kwa kuwa alishafaulu, mwakani aje moja kwa moja, hatarudia usaili."

"Mwakani?" Adelard akaegemea meza. "Binti, sikiliza, mimi ni mhasibu mwandamizi, naweza kulipia hata…"

"Nakuelewa, mzee. Nafasi hakuna."

Nilitegemea mtoto aanguke pale. Hakuanguka. Alikunja midomo, akavuta pumzi, akamwambia yule dada, "Asante. Mwakani nitakuja." Kisha akamgeukia baba yake. "Nitakaa kwa Shangazi hadi hapo. Mazoezini." Hakuwa anaomba ruhusa. Adelard akatikisa kichwa kukubali, harakaharaka, kama mtoto aliyechapwa.

Jovina akamuuliza yule dada kama anaweza kuchungulia darasa kidogo kabla hatujaondoka, akaruhusiwa. Tukamfuata uani. Ngoma zilikuwa zinapigwa, na wenzake wapya, ambao hawakuwa wenzake tena, walikuwa kwenye mistari wakijifunza hatua ya kwanza. Alisimama nje ya mlango. Mabega yake yalikuwa yanaifuata ngoma kidogokidogo, na machozi yanamtoka.

Adelard akasimama karibu yangu, akapangusa macho kwa tai. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama yake angekuwepo leo, dada, angejivunia alivyojikaza."

"Mama yake," nikamwambia, "angemleta Jumatatu."

Nikamwacha amesimama palepale, nikaenda kusimama na mtoto.